Waleti nyembamba kwa joto la Mombasa: nimejaribu tatu, nimebaki na ya ngozi ya mbuzi

Siku nlioamua kubadilisha waleti nlikua Marikiti nanunua iliki, na yule muuzaji ana mizani ndogo ya dijitali ya kupimia zafarani gramu gramu, nkamwambia ami hebu nipimie na hii, nkaiweka waleti yangu juu ya kile kisahani. Gramu 238. Iliki nlionunua ilikua gramu 100. Yaani nmekua natembea na karibu robo kilo mfukoni kila siku kutoka Bamburi mpaka Shimanzi na kurudi, na ndani ya hio robo kilo pesa ilikua noti moja ya mia tano na mbili za mia basi.

Nkafika nyumbani nkaimwaga yote mkekani. ID, laiseni, kadi tatu za benki na moja yao ni ya akaunti nlioifunga zamani. Kadi ya NHIF, ile bima ya afya ya serikali, ambayo haina kazi tena tangu SHA ishike nafasi yake Oktoba 2024. Picha za pasipoti nne. Kadi za biashara za watu wa trela. Risiti kama ishirini hivi na maandishi yameshapotea yote, sababu ile karatasi ya risiti haistahamili jasho na joto la mfukoni, yapauka mpaka yabaki meupe. Ufunguo wa kufuli nsilolijua ni la wapi. Na sarafu za ndovu na za simba zimejikusanya kwenye kona moja mpaka zimetoboa kitambaa. Nlikua nshaipima kwa rula kabla ya kuimwaga, milimita 31.

Alafu nkakumbuka mgongo. Kama miaka miwili hivi nlikua nasikia ganzi yashuka kutoka tako la kulia mpaka nyuma ya goti, hasa nkikaa kwenye matatu na foleni ya Nyali imeshika. Nkaenda kwa mtaalamu wa viungo, kabla hata hajanigusa akaniuliza waleti waiweka wapi, nkamuonyesha mfuko wa nyuma, akasema itoe kisha ukae tena. Hili jambo madaktari washaliandika kwenye majarida yao tangu miaka ya 1970: ukikalia kitu kinene upande mmoja, nyonga zapanda mshazari na ule msuli wa ndani ya tako waibana neva kubwa inayoteremka mguuni. Wiki hio hio nkaihamishia mbele, na ndani ya mwezi ganzi ikapungua. Lakini mbele nako yatokeza kama nimeficha embe, na kukaa kwenye tuktuk ukiwa umekunja miguu yakudunga nyonga. Ndo nkaanza kutafuta waleti nyembamba, na hapa naandika nlichokiona baada ya miezi kama kumi na moja ya kujaribu, sababu watu kadhaa kazini wameniuliza na kila mmoja nampa jibu nusu nusu.

Kwanza kuna wanaosema waleti ya nini na M-Pesa ipo tangu 2007. Kweli, na mie mwenyewe vingi nalipa kwa simu. Lakini mama wa mahamri na mbaazi asubuhi ataka keshi, tuktuk nyingi za mtaani zataka keshi, mtu wa madafu akiwa amezungukwa na watu hana subira ya kungoja meseji iingie, na siku mtandao ukilala ama simu ikizima chaji uko kivukoni Likoni na wataka kupanda matatu upande wa pili, hapo noti ya mia mfukoni yakuokoa. Alafu ID lazima. Kazi yangu ni ya kliaringi, kutoa mizigo bandarini, na kila geti la bandari ama la depo ya makontena waulizwa kitambulisho, kwa hivo kitu chenyewe chatolewa na kurudishwa mara nane, mara kumi kwa siku. Hicho ndo kipimo changu cha kwanza na naona wengi hawakifikirii wanaponunua: waleti hii ntaitoa mara ngapi, na nkiitoa mkono mwengine una nini?

Mie mkono mwengine una makaratasi. Siku zote.

Baada ya kupepeta nkabaki na ID, laiseni, kadi moja ya benki, kadi ya bima na pasi ya kazini. Kadi tano, na noti kama sita. Sasa fanya hesabu uone. Kadi za benki dunia nzima zina kipimo kimoja, milimita 85.6 kwa 54, na unene wa 0.76. Tano zikipangwa hazifiki hata milimita 4. Kwa hivo waleti ikiwa na unene wa vidole viwili jua huo unene umetoka kwengine kabisa. Ile yangu ya zamani nliichana kwa wembe nione, nkahesabu tabaka kumi na nne za leza na kitambaa na sponji nyembamba, kabla hujatia hata shilingi ndani. Sponji! Mtu ametia sponji ili ukiishika dukani uone imejaa na ni ya maana. Tangu siku hio mie nkiingia duka la waleti naifinya kwanza ikiwa tupu, ikibonyea kama mto naiweka chini.

Ya kwanza kununua ikawa ile ya bati. Mnaijua, vibati viwili vya alumini na lastiki katikati, kadi zakaa kati kati yake kama nyama ndani ya mkate. Mtindo huu umejulikana sana kupitia Ridge ya Marekani, walioanza kwa kuchangisha pesa mtandaoni mwaka 2013. Yangu ilikua ya kuiga, nliipata kwenye meza mjini kwa elfu moja na mia mbili, kwa hivo haya nnayosema ni ya ile nlioishika mie.

Wiki ya kwanza nliipenda sana, nakiri. Ndogo, imenyooka, yakaa mfuko wa mbele hata huioni, na kadi hazipindi. Shida ikaanza na noti. Nyuma ina kibano, na kibano kile kwa upana wake noti ya elfu lazima uikunje mara mbili au tatu ndo ikae. Sasa fikiria asubuhi pale Mtambo, matatu imejaa, makanga amening'inia mlangoni ananyoosha mkono, wachomoa bunda dogo lililokunjwa kama hirizi, walikunjua lote kwenye mapaja yako kutafuta mia, mwenzako wa dirishani aona pesa yako yote na wa nyuma aona, alafu chenji yaja imekunjamana na wewe uanze tena kukunja upya. Kila siku mara nne. Kwa mtu anaelipa kila kitu kwa kadi kama Ulaya huko kitu hiki ni sawa kabisa, nauelewa uzuri wake, lakini kwa mji ambao noti ya mia yabadilisha mikono tangu alfajiri hakijatengenezwa kwa ajili yetu.

Na chumvi. Hii watu wa bara hawaijui. Alumini yenyewe haishiki kutu nyekundu, lakini zile skrubu ndogo za pembeni kwenye za kuiga mara nyingi ni chuma cha kawaida, na yangu mwezi wa tatu skrubu zote zilikua zimeshaota kutu mpaka yaacha alama ya rangi ya chai kwenye mfuko wa suruali ya kaki. Mbili hazifunguki tena hata kwa bisibisi yake. Rangi nyeusi ikabanduka kwenye kona, na pale ilipobanduka pakafanya unga mweupe, ndo alumini inavyofanya kwenye hewa ya bahari. Alafu usiiweke mfuko mmoja na simu, nimeshalipia kioo kimoja.

Kitu kimoja hapa niseme haraka: wauzaji hupenda kukwambia chukua ya titani ni nyepesi zaidi. Si kweli. Titani ni ngumu na haili kutu, hizo sifa inazo, lakini kwa ujazo ule ule ni nzito kushinda alumini, sentimita moja ya ujazo ya alumini ni gramu 2.7 na ya titani ni gramu 4.5. Ukitaka wepesi hasa kwenye hizi ngumu ni ile ya nyuzi za kaboni.

Ya pili, ya lastiki tupu, ile kama soksi ya kadi. Mia tatu. Sina mengi. Ni nyepesi kushinda zote, waiosha kwa sabuni na maji yakauka kabla ya adhuhuri, na nkienda kukimbia alfajiri Mama Ngina bado ndo nnayobeba, ID na mia mbili basi. Lakini kwa kila siku yalegea. Miezi minne, na nkiwa na kadi mbili tu zateleza zenyewe. Jasho nalo huingia ndani na kukaa humo, ikifika jioni ukiitoa wasikia harufu.

Zile za majina makubwa nazo nimezishika kidogo. Binamu yangu ni baharia, alirudi kutoka Rotterdam na Secrid ya huko Uholanzi, kijisanduku cha alumini ndani ya ngozi, wasukuma kijiti chini kwa kidole na kadi zapanda juu zikiwa zimejipanga ngazi ngazi, wachagua unayotaka. Hio ni kazi safi, siwezi kuisema vibaya, na kwa mkono mmoja yafunguka. Yaingia kadi sita zilizo laini, ama nne zikiwa na zile namba zilizovimba. Lakini kile kisanduku kina unene wake hata ukitia kadi mbili, hakipungui, na bei yake kwa pesa yetu yanunua suruali na viatu na nauli ya kuendea kuvinunua. Binamu mwenyewe noti aziweka mfuko wa shati.

Sasa hili la kuzuia wezi wa mawimbi, manake kila waleti siku hizi imeandikwa hivo. Muuzaji mmoja alinishikilia dakika kumi ananieleza vile mtu aweza kupita karibu yangu na mashine akavuta pesa kwenye kadi. Kadi za benki za kugusa hutumia mawimbi ya megahezi 13.56 na zimeundwa zisomwe kwa sentimita chache tu, yaani mtu lazima akubandikie mashine kwenye paja. Ukiwa na kadi mbili za aina hio zimebanana, mashine nyingi hata zachanganyikiwa isome ipi. Karatasi ya foili ndani ya waleti yazuia kweli, fizikia yake ni ya tangu enzi za Faraday, lakini usiongeze mia tano kwa ajili yake. Watu wanaoibiwa hapa wanaibiwa kwa vidole viwili kwenye msongamano, ama kwa simu ya mtu anaejifanya wa huduma kwa wateja akitaka PIN. Waleti ikikaa mfuko wa mbele na ikiwa nyembamba hata hio ya vidole yawa ngumu, sababu hakuna kitu kimetokeza cha kushikwa.

Basi, ya tatu. Hii ndo nnayo sai na ndo nliotaka kuisema tangu mwanzo.

Ilikua nimepeleka makubadhi yangu kutiwa ukanda, kwa fundi mmoja mzee huko vichochoro vya Mji wa Kale, duka lenyewe ni kama mlango tu na ngazi mbili, yeye akaa chini na gogo lake la kukatia. Nkaona ukutani ametundika vipande vya ngozi nyembamba, laini, nkamuuliza ami hii ni ya nini, akasema ni ya mbuzi, huitia ndani ya makubadhi ya kina mama isiwachubue. Nkaishika. Unene kama milimita moja kasoro na haivutiki ovyo. Nkamwambia naweza kupata waleti ya hii? Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, waleti gani? Zile za kujaza upepo sishoni." Nkamwambia nataka nyembamba ambayo haipo. Akacheka, akasema, "Basi kesho nletee kadi zako wewe mwenyewe na noti ya elfu. Sikati kwa kukisia."

Nkarudi kesho yake. Akaiweka noti ya elfu juu ya ngozi ikiwa imekunjwa mara moja tu, akaichora pembeni na msumari, akaongeza upana wa nyuzi mbili kila upande, alafu akaweka kadi. Hapo nkaelewa kitu ambacho hakuna duka lililonieleza: waleti nyingi nyembamba zinazouzwa zimekatwa kwa kipimo cha kadi, na noti zetu zikikunjwa mara moja ni ndefu kwenda juu kushinda kadi, kwa hivo huchungulia nje na kona zake zachanika. Yangu ikatoka sentimita 10 kwa 8, mifuko mitatu ya ngozi tu, wa nyuma, wa katikati na wa mbele. Mbele kadi mbili za kila siku, ID na pasi, katikati tatu zilizobaki, nyuma noti zakunjwa mara moja zaingia. Hakuna kitambaa ndani, hakuna zipu, hakuna mahali pa sarafu. Mbele alitoboa nusu mwezi pa kidole gumba, wasukuma na ID yapanda. Nimeifanya mara elfu sasa getini na makaratasi kwapani, haijanikwama.

Akaniuliza ngozi ya dawa ama ya magome. Sikujua, akanikatia vipande viwili nione ubavuni. Iliyodabighiwa kwa magome ya miti ni kahawia mpaka ndani, ile ya kromu ndani ina weupe wa kijivu kijivu hivi hata kama juu ina rangi nyengine. Magome ni kazi ya zamani sana, hata hii mikoko yetu magome yake yana ile tanini, na yalikua yakisafirishwa kutoka pwani hii kwenda nje kwa kazi hio hio. Yazeeka vizuri, yapata rangi ya asali. Lakini yanywa jasho na kufanya madoa, na koga yaipenda. Ya kromu ni laini zaidi na yastahamili maji. Ami akasema kwa mtu wa kutembea juani kama mie nichukue ya kromu, nkamskiza, na naona alisema kweli.

Kushona ndo kulinifurahisha mno, nlikaa pale ngazini nkamuangalia mpaka akamaliza upande mmoja. Uzi ni mmoja, sindano mbili, moja kila ncha. Atoboa tundu, sindano ya kushoto yaingia, ya kulia yaingia tundu hilo hilo kutoka upande wa pili, avuta zote pamoja mpaka uzi walala ndani ya ngozi, alafu tundu la pili. Uzi ameupitisha kwenye nta ya nyuki kwanza. Faida yake ni kua uzi ukikatika mahali pamoja, zile nyengine zashikilia zenyewe, tofauti na mshono wa cherehani ambao ukikatika pamoja wafumuka mstari mzima. Pembeni akapasugua kwa kipande cha mti mpaka pakang'aa. Siku tatu, elfu moja na mia tano.

Ikiwa tupu ni gramu 22, nliirudisha kwa yule yule muuza iliki. Imejaa, kadi tano na noti sita, gramu 54. Unene milimita 9.

Kasoro zake nazo nizitaje sababu zipo. Mwanzo ilibana, siku ya kwanza ID nliitoa kwa meno, nkarudi kwa ami akaniambia nitie kadi moja ya ziada kila mfuko nilale nazo usiku mbili, nkafanya hivo ikatoshea. Kwa hivo ukinunua ya ngozi nunua yenye kubana kidogo, ngozi hutanuka na haijirudi, ikiwa dukani tu yaingia kirahisi baada ya miezi miwili kadi zaanguka. Ya pili ni kubwa zaidi. Nlitaka nyeusi, na Ijumaa ya kwanza nkaiweka mfuko wa kanzu, kutembea hadi msikitini na kurudi kwa jua la saa saba, nkavua kanzu nkakuta doa jeusi la mraba mfukoni limepenya mpaka nje. Kanzu nyeupe. Mke wangu alijaribu kila kitu, doa lipo mpaka leo. Ami alikubali ni rangi yake, akaifuta kwa kitambaa chenye maji ya siki, akaikausha kivulini, akaipaka nta mara mbili, na tangu hapo haijatoa tena, lakini ningejua ningechukua rangi yake ya asili isiotiwa kitu. Mnaovaa kanzu hili lishikeni.

Na kwa upande wa kanzu niongeze, manake sijaona mtu akilizungumza. Mfuko wa kanzu ni mrefu na kitambaa chake ni chepesi, waleti nzito yavuta upande mmoja na yakugonga paja kila hatua, na ukirukuu yateleza mbele, ukisujudu yaweza kumwagika yote mkekani. Ile ya bati ilinifanyia hivo, ikagonga sakafu wakati wa sala na watu wote kimya, nliona haya kweli kweli. Hii ya ngozi yashika kitambaa, hairuki.

Mvua nayo ishaipata. Mwezi wa tano, masika, nlitoka Mwembe Tayari mpaka Posta nimelowa chapa chapa, nkaitoa yote, nkajaza karatasi ya gazeti ndani nkaiweka kivulini siku nzima, usiiweke juani itakauka kama papa. Ikawa ngumu kidogo asubuhi, nkaikunja kunja kwa mkono na nta kidogo, ikarudi. Usitumie mafuta ya nazi, najua ndo yako jikoni na ndo kitu cha kwanza mkono utakachochukua, yaifanya ngozi iwe nyeusi na baadae yanuka. Na usiifungie droo wakati wa masika. Mie nlisafiri siku tano bila yayo nkaikuta imeota koga ya kijani pembeni, ikafutika lakini nlishtuka.

Kwa wasioweza kwenda kwa fundi na wataka kununua ya dukani, angalia ubavu pale ilipokatwa. Ngozi ya kweli ina nywele nywele za nyuzi mpaka ndani. Ukiona tabaka ya plastiki juu na kitambaa cheupe chini hio ni leza ya kutengenezwa, na kwa unyevu na joto letu ile plastiki huoza taratibu na kubanduka maganda, hata kama umeinunua ghali na hata ukiitunza vipi. Mwaka mmoja, mmoja na nusu. Na ile iliyoandikwa ngozi lakini ni unga wa ngozi uliogandishwa kwa gundi nayo yapasuka kwenye mkunjo. Mkunjo ndo hufa kwanza siku zote, ndo maana yangu haina mkunjo, ni bapa.

Kuna wanaouliza wapi utaweka kile kidude cha kutafutia vitu, AirTag. Kile ni mviringo wa milimita 32 na unene wa 8. Uweke kitu cha milimita 8 ndani ya waleti ya 9? Tia kwenye funguo.

Dada yangu alipoiona akasema ni kama ya nyanya, nkacheka lakini amesema kitu. Nyanya yetu hajawahi kua na pochi maisha yake yote, pesa huzikunja mara moja, mara ya pili, huzifunga fundo kwenye pindo la leso na kuchomeka kiunoni. Hana sarafu anazozibeba, sarafu huzitoa palepale kwa mtoto wa jirani akanunue viazi karai. Fundo lile halizidi kidole gumba na hakuna mtu amewahi kumuibia. Na dada mwenyewe sasa amehamisha kadi zake kwenye kimfuko cha ngozi kama changu, akitia ndani ya kibeti, na siku za kwenda mbio aacha kibeti nyumbani abeba kimfuko tu mfuko wa buibui.

Sarafu mie nazitia kwenye gilasi juu ya friji. Ikijaa watoto wahesabu, mara ya mwisho ilitoka mia sita na tisini.

Mkienda kwa mafundi wa makubadhi huko Mji wa Kale, nendeni asubuhi, Ijumaa baada ya sala wengi hawarudi. Bebeni kadi zenu wenyewe na noti ya elfu, na mwambie akukatie mifuko isizidi mitatu, wengine ukiwaachia watakuongezea mfuko wa picha na wa laini ya simu kwa roho safi, na unene warudi pale pale. Shemeji yangu ametoa oda yake juzi, yeye ni mashoto kwa hivo ile nusu mwezi ya kidole yatobolewa upande wa pili, na amechukua rangi ya asili. Ami ameniambia nipite Jumanne kuichukua.